Sahani Irudi Tupu

Nyinyi mlioanza nami tangu mwanzo mnanijua. Na wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa kufungiwa dagaa, likunjue vizuri, usilipasue, nikueleze tulipofika.

Mimi ni Mwanasaumu, mjane wa Likoni, muuza vibibi vya mchele na nazi. Mwanatabu ni mtoto wa marehemu shoga yangu. Ameolewa na Mwidani, mfunga minyororo wa feri, mtu ambaye mtaa mzima unamsifu kwa upole. Upole wake huuacha mlangoni pamoja na viatu. Ndani humpiga mkewe pale panapofunikwa na nguo.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi Mwanatabu alivyokimbilia kwa kaka yake, Kombe. Kombe alimpa chai, akamsikiliza, kisha akamrudisha kwa mumewe mkono kwa mkono, akaomba na radhi juu yake. Tangu siku hiyo Mwanatabu hatoki. Dukani haendi, kisimani haendi. Kuvuka kwenda kwa Kadhi ndiyo kabisa, maana mnyororo wa feri unafunguliwa na mumewe mwenyewe.

Wanaume wa Likoni mwaka ule walikuwa kutwa barazani wakibishana kama Mwambao ujitenge au uungane na Kenya. Kila mmoja ana rai yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mke wa Mwidani mbona haonekani.

Ndipo Ramadhani ikaingia, nasi tukapata upenyo.

Mnajua mambo ya futari. Jirani humpelekea jirani, na kwetu ni aibu kubwa kurudisha sahani ya watu ikiwa tupu. Ukiletewa vibibi, unarudisha tende, au mbaazi, au japo kipande cha mkate. Basi nikapanga kumpelekea Mwanatabu vibibi kila jioni, kwa mkono wa mtoto mmoja wa mtaani, katika sahani yangu ya bati yenye maua mekundu. Sahani ikirudi na kitu, hali ni ya kuvumilika. Siku itakayorudi tupu, maana yake nitoeni, kesho yake magharibi.

Kwa nini magharibi? Kwa sababu adhana ikishalia njia hazina mtu. Wanaume wako msikitini, wanawake wako vyunguni.

Nani alijua? Mimi, Mwanatabu mwenyewe, na Nyevu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza mchicha. Nyevu ndiye aliyeingia na kapu lake nyumbani kwa Mwidani akamnong'oneza Mwanatabu habari ya sahani. Kwingine kokote Mwidani huwafukuza wachuuzi, lakini Nyevu humruhusu. Hata pale feri kapu la Nyevu huvuka bila kungoja laini. Nilishukuru Mungu kwa hilo.

Njia ya kutokea tuliijua mimi na Nyevu peke yetu. Hatukutaka kugusa feri. Tungempitisha Mtongwe, apande mashua ya makasia mpaka Kipevu, kisha afike Magongo kwa Pascalia, Mkristo rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye hakuna mtu wa Likoni angekwenda kumtafuta Mwanatabu kwake. Kutoka huko Pascalia angempeleka kwa Kadhi na makovu yake. Mwanatabu mwenyewe hatukumwambia, ili akibanwa asiwe na la kusema.

Basi. Sahani zikaanza kwenda na kurudi. Leo tende, kesho mbaazi, kesho kutwa kaimati zilizopikwa vizuri mpaka nikakasirika. Mtu anayeteswa anapata wapi moyo wa kukaanga kaimati za namna hii?

Halafu jioni moja sahani ikarudi na muhogo.

Vipande viwili, vya kuchemsha, baridi, bila tui. Nikaviangalia. Mwanatabu nimemfundisha kupika mimi mwenyewe. Hawezi kumrudishia mtu muhogo mkavu siku ya Ramadhani hata akiwa mgonjwa. Nilifunika sahani kwa kawa, nikalala na mashaka.

Asubuhi yake, hodi. Nikafungua. Ni Bi Mwanarehema, mama yake Mwidani, anayekaa na mwanawe nyumba moja. Hajawahi kukanyaga kwangu tangu maziko ya mume wangu.

"Msalkheri, Bi Saumu. Au niseme sabalkheri, mato yangu hayajui saa siku hizi."

"Sabalkheri, Bi Mwanarehema. Karibu ndani."

"Starehe. Sikai. Nimekuja kukuomba radhi kwa ule muhogo."

"Radhi ya nini? Muhogo ni riziki."

"Si riziki, ni aibu. Mkaza mwanangu alitaka kunifedhehesha. Nimemkuta jana mlangoni, yuwampa yule anayekuletea sahani, na sahani ni tupu! Imesuguliwa, inang'aa. Nikamuuliza, wewe Mwanatabu, kwenu hamkufunzwa? Nikaichukua, nikatia nilichokiona jikoni, ndiyo nikaiachia ije."

Nikaushika mlango. Kumbe mtoto wa watu aliniita jana, na adabu za mkwewe zikanizibia masikio kwa vipande viwili vya muhogo.

"Hujambo, Bi Saumu? Naona umebadilika."

"Saumu hiyo, mama. Na Mwanatabu hajambo?"

"Ameteleza uani. Mkono umevimba kidogo."

Aliyasema hayo akiniangalia mimi, haangalii chini wala pembeni. Mimi naye tukatazamana. Ameteleza! Wanawake wa nyumba ile wanateleza kila mwezi, na uwa wao umefagiliwa mpaka unang'aa.

Alipofika kizingitini akageuka.

"Leo sahani yako ikija, sitatia kitu."

Akaenda zake.

  Bibi huyu amejua. Lakini amejua kwa kheri au kwa shari? Mama mzazi amfungulie mtu mlango mwanawe akimbiwe na mke? Nani aliwahi kuona? Mimi niliona mtego, tena mtego wa mtu mzima, umefunikwa kwa radhi na sabalkheri.

Nikaenda mbio kwa Nyevu. Alikuwa uani anafunga mafungu ya mchicha.

"Mwanarehema amekuja kwangu," nikamwambia. Nikamweleza yote.

Nyevu akatua fungu. "Huyo amfanyie mwanawe hivyo? Hata. Huyo ametumwa."

"Ndivyo ninavyoona."

"Sasa umemwambia lolote? Habari ya Mtongwe?"

"Nimwambie yeye? Mimi na wewe tu, Nyevu. Sijamwambia hata mto ninaolalia."

"Basi vizuri. Usimtajie kabisa. Leo leo tumtoe, kabla hawajajipanga. Mimi nitakaa pale kona na kapu langu. Akitoka kwako namshika mkono, tunakwenda."

"Huogopi?"

"Bi Saumu wee, mtu wa mchicha nani anamwangalia?"

Nikamkumbatia. Wallahi nilimkumbatia.

Ila Mwanatabu alikuwa hajui kwamba habari yake imenifikia. Basi alasiri nikabeba sahani mwenyewe, kinyume cha kawaida yangu. Nilijua Mwidani yuko zamu feri mpaka magharibi.

Mwanarehema alinipokea ukumbini. Chumba cha Mwanatabu kilikuwa na pazia limeshushwa. Nikapaza sauti, nikaitia uchangamfu niliokuwa sina.

"Mwanatabu, mwanangu! Sahani ya jana imefika!"

 Kisha sauti ndogo nyuma ya pazia. "Abee, mama. Imefika na muhogo?"

"Mimi nimeiona tupu."

 Nikasikia pumzi iliyovutwa na kukatika, kama ya mtoto aliyelia sana akanyamaza. Nilitamani nivute pazia lile nimchukue saa ile ile. Moyo uliniuma, na mkono ulikuwa umeshainuka.

Mwanarehema akaushika mkono wangu, akaushusha.  Alipokea sahani, akanisindikiza mlangoni, na nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama ananitazama. Nikasema moyoni, mchawi mkubwa wewe, unanipima.

Magharibi ikafika. Niliweka vikombe viwili vya uji mkekani barazani, mbele ya mlango, kimoja changu, kimoja cha Mwanatabu, na tende bakulini, asije akasafiri na saumu tupu.

Adhana haijamalizika mlango wa uani ukasukumwa. Mwanatabu, ndani ya buibui, miguu mitupu. Mkono wa kushoto ameufunga kwa kipande cha leso.

"Nani amekufungulia?"

"Mama mkwe. Alijilaza ukumbini, akajitia amelala. Nilipompita akaniambia, mlango wa nyuma hauna komeo leo. Hakufumbua macho. Nimezunguka kwa vichochoro nisionekane."

Mtego, nikasema tena. Nikampa tende, akaitia mdomoni, akawa hawezi kuimeza. 

"Keti huku chumbani nichungulie njia. Nyevu yuko kona anakungoja."

Nikafungua mlango wa mbele.

Mwidani alikuwa amesimama barazani.

Kofia nyeupe, kanzu safi. Mkononi ana sahani yangu ya maua mekundu. Tupu.

"Msalkheri, Bi Saumu."

Nikauvuta mlango nyuma yangu, nikauacha umerudi nusu.  "Akheri. Leo umetoka feri mapema."

"Mwenzangu amenishikia zamu. Nimekuletea sahani yako."

"Umejisumbua. Kuna watu wa kuleta."

"Jirani mwema huletewa na mwenye nyumba." Akaitazama sahani, akaigeuza juu chini. "Ila samahani, leo imekuja hivi."

"Si neno. Si lazima."

"Ni lazima, Bi Saumu. Sisi tumelelewa." Macho yake yakashuka mkekani. "Vikombe viwili. Una mgeni?"

"Cha pili cha marehemu mume wangu. Kila Ramadhani namwekea."

Mungu anisamehe. Nilimtia marehemu katika uongo na mdomo umefunga.

"Mungu amrehemu. Basi nitakunywa mimi kwa niaba yake." Akaketi, akanywa uji wa Mwanatabu taratibu, hata tone hakuacha. Akafuta mdomo. "Magharibi inanipita. Nipishe ndani nisali."

"Nyumba ya mwanamke mjane, Mwidani, mwanamume haingii. Wewe mwenyewe umelelewa."

Akacheka. Kicheko kizuri, kile wanachokisifia feri. "Kweli kabisa. Basi nitasali hapa hapa barazani. Na Boga, ndugu yangu, asikutishe ukimwona huko nyuma. Nimemwacha kwenye uwa wako anapunga upepo."

 Nyuma kuna Boga, mbele kuna mume, na katikati kuna Mwanatabu na tende mdomoni.

Akatawadha kwa maji ya mtungi wangu. Akasogeza vikombe, akaunyosha mkeka wangu. Nyumba yangu mlango wake unatazama kaskazini, na kaskazini ndiko kibla, kwa hiyo aliposimama kusali alitazama njia na mgongo akaupa mlango. Akapiga takbira.

Hapo akili yangu ikazinduka. Mtu akishapiga takbira hageuki, hasemi, haulizi. Mwidani ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Kuvunja sala hadharani, kwenye baraza ya watu, mwezi wa Ramadhani, hawezi. Mungu ndiye amenifungia mtu huyu mkekani, nikasema.

Nikarudi nyuma polepole, nikaingia. Nikamshika Mwanatabu bega.

"Utapita mbele."

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Yuko kwenye sala. Akisujudu, pita ubavuni mwake, shuka ngazi, usikimbie. Nyevu yule pale."

"Mama, atanisikia."

"Akisikia hawezi kugeuka."

Tukasimama nyuma ya mlango. Alisoma Fatiha kwa sauti nzuri, sitaficha. Akarukuu. Akainuka. Akasujudu.

Nikamsukuma.

Mwanatabu akapita. Upindo wa buibui lake ulimgusa mumewe kisigino, nikauona ukimgusa kwa macho yangu. Kisigino hakikutikisika. Akashuka ngazi, akavuka njia. Nyevu akainuka pale kona, akaacha hata kapu lake, akamshika mkono ule mzima. Wakapinda. Hawapo.

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilijiuma kidole nisipige kigelegele. Nilisema, Mwanarehema na mtego wako, kanase kwingine!

Mwidani akamaliza rakaa zake. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Akainua mikono akaomba dua, tena dua ndefu, hana haraka. Akaukunja mkeka, akauegemeza ukutani vizuri.

"Mwenyezi Mungu atutakabalie," akasema.

"Amin."

"Buibui lake linahitaji kushonwa. Limechanika upindo."

Nikatazama kona walikopindia.

"Nimemsikia tangu sijanywa uji, Bi Saumu. Mwanatabu akiogopa huvuta kamasi. Miaka yote hii nisimjue?"

"Ulikuwa unasali!"

"Nilikuwa nasali." Akavaa kiatu kimoja. "Ningemzuia hapa, ungepiga kelele, watu wangejaa, wangeuona ule mkono. Sasa ametoka mwenyewe. Kwa miguu yake, bila idhini yangu, kupitia nyumba yako, mbele ya macho yangu. Kesho nikikaa mbele ya Kadhi, mkosaji ni nani?"

Mwanamume aliyesali kwa masikio. Nilimtazama, nikamchukia chuki ambayo sijawahi kumchukia nayo mtu. Nilitaka nimtupie mtungi.

"Unajua kilichonishangaza leo?" Akavaa cha pili. "Mama yangu. Nimeingia nyumbani, Mwanatabu ameshatoka, nikamkuta ameishika sahani hii, anaisugua, na imeshatakata zamani. Nikamwambia nipe niipeleke mimi. Akaning'ang'ania mkono. Akanisihi ningoje nile kwanza, anikaangie samaki, anichemshie chai. Nilipokataa akalia, akataka kutia japo tende moja. Sijapata kumwona mama akilia kwa ajili ya sahani."

Nikamwona Mwanarehema pale kwake alasiri, ameushusha mkono wangu, ananitazama. Nami nimemwita mchawi. Alikuwa ananiomba niharakishe. Na kwa ile tende moja alitaka kuninong'oneza kwamba mambo yameharibika, nami nisimtoe mtoto nje.

Lakini nikajishika. Mwanatabu ameshakwenda. Acha Mwidani aringe, acha aende kwa Kadhi. Yeye Mwanatabu sasa hivi yuko njiani, na kesho makovu yake yatasema.

"Sema utakavyo," nikamwambia. "Mkeo hujui aliko."

Mwidani akateremka ngazi moja, akageuka. Sahani yangu akaiweka sakafuni kwa utaratibu.

"Boga hayuko nyuma ya uwa wako, Bi Saumu. Hakuwako kabisa. Boga yuko Mtongwe, amekaa ndani ya mashua, anawangoja."

Mtongwe.

Mwanarehema sikumtajia. Mwanatabu mwenyewe sikumtajia. Duniani nilimtajia mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa amemshika mkono.